Kanisa Nililolichoma Barazani

Juma lililopita tulimzika mama Zaina, na kwenye kilio chake mimi, mzee mzima, nikafanya fujo. Vijana wawili walikuwa wamekaa karibu na viti vya wazee. Huyu anasema Waisraeli wana haki, yule anasema Wapalestina ndio wenye nchi, na kila mmoja alikuwa na hakika ya mambo ya Yerusalemu kuliko ya mtaa wetu huu wa Kampemba, ambako bomba halijatoa maji siku ya tatu. Sauti zikapanda. Nikasimama nikawaambia wanyamaze au watoke, tena nikatumia neno ambalo halitumiki mbele ya wafiwa. Watu walidhani ni uchungu. Zaina mwenyewe, ambaye sasa ni bibi, akaja akanishika mkono akanirudisha kwenye kiti, akawaambia wale vijana: "Mumuache baba Leo. Huyu alikuwa rafiki ya baba yangu." Leo ndilo jina langu la ubatizo. Nikakaa. Wakaniletea wali na kuku, nikala. Halafu nikarudi nyumbani na hasira, na ile hasira haikuwa ya wale vijana hata kidogo.

Nitasema habari ya mwaka mmoja tu, mwaka ule wa arobaini na nane, Lubumbashi ilipokuwa bado inaitwa Élisabethville. Nilizaliwa wapi, nani alinisomesha, hayo nayaacha, maana watu huyatanguliza wanapotaka kuhurumiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, najua Kifaransa cha mapadri, navaa tai hata siku ya joto, na nilikuwa karani katika duka la vitambaa la musyu Nisim, kwenye barabara iliyotoka mji wa Wazungu kuja kwenye cité yetu, mtaa wa Waafrika. Musyu Nisim alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rodi, mtu mfupi, mpole, mwenye futi ya kupimia shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Ndani ya duka kulikuwa na harufu ya kitambaa kipya na kahawa. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo chenye meza, redio, na picha ya mama yake ndani ya fremu. Mama yule na dada zake wawili walichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita, hawakurudi. Tulijua kwa sababu mke wake alituambia. Yeye hakusema.

Barazani, chini ya dirisha, palikuwa mahali pa Baba Zaina na cherehani yake. Huyu alikuwa fundi, Mwislamu wa Kasongo, mtu wa kanzu na kofia, mguu mmoja mgonjwa, na ndiye aliyejua kukunja marinda kuliko mafundi wote wa ile barabara. Mapatano ya mafundi wa barazani yalikuwa hivi, duka kwa duka: mwenye duka anakupa kivuli bure, na wewe wateja wako wananunua kitambaa kwake. Wateja wakija, unabaki. Wakiacha kuja, hakuna anayehitaji kukufukuza, unajua mwenyewe. Kivuli kile ndicho kilichomlisha yeye, mama Zaina na watoto wanne. Kila saa sita mama Zaina alileta chakula kwenye bakuli iliyofungwa kwa kitambaa, mara wali wa mawese, mara bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo na samaki wa Moero, na Baba Zaina hakugusa mpaka mimi nimetoka dukani nimenawa. Tulikula bakuli moja. Mwaka mzima nilikula bakuli moja na mtu yule.

Baada ya kula nilisoma gazeti. Ndiyo ilikuwa desturi ya baraza letu, na niliianzisha mimi. Musyu Nisim alilisoma asubuhi, akimaliza alinipa, na saa sita na nusu nilisimama mlangoni nikageuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu, sauti juu, huku cherehani imesimama. Walikuja watu wa reli, watu wa mgodi waliotoka zamu, akina mama wenye vitambaa vya kushonesha. Nikimaliza, gazeti lilikuwa la Baba Zaina, maana mafundi walikata vipande vya mfano kwenye magazeti: mkono, mgongo, kifua. Alivitoboa akavitunga kwenye kamba, akavitundika msumarini juu ya kichwa chake. Alinitania kila siku: "Weye unasoma, miye nakata. Nani anaijua zaidi hii journal?" Watu walicheka. Musyu Nisim naye alifurahi, kwa sababu waliokuja kusikiliza waliingia kununua.

Habari kubwa ya mwaka ule ilikuwa Palestina. Waingereza wanaondoka, Wayahudi wametangaza serikali yao, Waarabu wamekataa, vita. Wewe unayesoma leo utauliza mambo hayo yalituhusu nini sisi, watu ambao hatukuweza kuvuka mji wa Wazungu bila karatasi. Yalituhusu sana. Majina yote tuliyajua tangu katekisimu: Yerusalemu, Bethlehemu, Nazareti. Ilikuwa nchi pekee ya mbali tuliyodhani tunaifahamu. Tena mambo yetu wenyewe hatukuruhusiwa kuyabishania hadharani, basi tukabishania ya watu wengine, kwa ukali wote tuliokuwa tumeuweka akiba.

Mwanzoni baraza lote lilikuwa dhidi ya Wayahudi, mbele ya duka la Myahudi, bila aibu. Mkubwa wao alikuwa Dominiko, karani wa reli, Mkatoliki wa kwetu kaskazini, kiongozi wa majadiliano kwenye ukumbi wa misheni, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni. "Bayuda balisulubisha Bwana," alisema, "kiisha Mungu akabasambaza. Sasa banarudia kule kufanya nini?" Lakini niliposoma jinsi walivyopigana na Mwingereza mpaka akachoka, watu wakageuka. Nakumbuka mtu wa mgodi alisema polepole, akiangalia barabarani kwanza: "Bale bantu kidogo vile, na banaondosha Mungereza?" Siku zile mbili tatu Wayahudi walikuwa ndugu zetu. Hata Dominiko alikubali kwamba Agano la Kale linayo maneno fulani ya kuwapa nchi ile.

Aliyegeuza tena ni Chibwe, Mulamba kwa kabila, mwenyeji wa hapa hapa, muuza makala, yaani mkaa, aliyekuja na magunia yake kwa njia ya Kinsevere na ambaye siku zote aligombana na mtu. Siku hiyo nilisoma habari za watu wa vijiji vya Palestina waliotoka majumbani, wako barabarani na magodoro. Chibwe akatema mate. "Ile najua. Banakwambia toka kidogo, tunapima udongo, kiisha utarudia. Mama yangu alifunga mulango na kamba, alisema tutarudia kesho. Ule mulango iko wapi leo? Iko ndani ya shimo ya mukuba." Kila mtu pale alijua mashamba ya nani yalikuwa chini ya mgodi upi wa mukuba, yaani shaba, na wengi wetu tuliletwa na reli kuja kulichimba shimo lile. Dominiko akasema si mambo yanayofanana. Chibwe akamwambia, "Kwako haifanane, sababu weye njo ulikuya na sululu." Kidogo wapigane. Tangu siku ile baraza likawahurumia Wapalestina, na huruma yenyewe ilikuwa na hasira ndani yake.

Baba Zaina hakusema kitu siku zote hizo. Walipomuuliza alisema anashona. Dominiko hakumwacha: "Sema, Muarabu. Ndugu zako banashinda ao banashindwa?" Baba Zaina akajibu bila kuinua uso: "Miye niko muntu ya Kasongo. Bahari sijaiona. Uarabu yangu inatoka wapi?" Watu walicheka, Dominiko hakucheka. Jioni akanisubiri nje ya duka akanishauri kama kaka: kijana wa misheni, anayetajwa kuwa katibu wa majadiliano mwakani, haifai ale kila siku bakuli moja na Mwislamu yule. Nilimwambia asante. Kesho yake nilikula, lakini nilikula haraka.

Na nyumbani kwa mwenye duka nako hakukuwa na amani. Niliwasikia, nikipanga majora, yeye na mke wake kule nyuma, wakichanganya Kifaransa na lugha yao ya Rodi. Mke alitaka wauze duka wahamie kule, kwa watu wao. Mtoto wa kaka yake alikuwa tayari vitani. Musyu Nisim alisema amekwisha kuhama mara moja, inatosha, na kwamba kule nako kuna watu wanaolia. Mke akamwambia ana moyo wa kahawa baridi. Mlango ukabamizwa. Akatoka na futi yake shingoni akaniuliza kama jora la bluu limefika.

Sasa ile Jumamosi. Komunyo ya kwanza ya watoto ilikuwa karibu, na Baba Zaina alikuwa na magauni meupe zaidi ya kumi, mengine yamekatwa, mengine bado, ya mabinti wa Kikatoliki wa cité nzima. Baraza lilijaa. Nami nilikuwa na gazeti lisilo na kitu: bei ya shaba, tenisi ya Wazungu, harusi ya afisa. Palestina mistari minne, ya mazungumzo. Niliisoma. Dominiko akasema mbele ya watu wote, "Ni hiyo tu? Leo unasoma kama mutoto wa shule." Wakaanza kuondoka. Loo, kitu kidogo hivyo. Migongo ya watu wanaoondoka. Nikainua gazeti tena, nikasema ngoja, kuna nyingine hapa, na nikasoma kile ambacho hakikuwapo: kwamba karibu na Bethlehemu Waarabu wamechoma kanisa dogo siku ya misa, na mzee wa kengele amenyongwa kwa kamba ya kengele yake. Kamba ile niliiongeza mwishoni, kwa sababu nyuso zao zilinipendeza. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Dominiko alivua miwani. Hakuna aliyeondoka. Nikakunja gazeti nikampa Baba Zaina, kama kawaida, naye akalipokea mkononi mwangu.

Sikuwaza kitu Jumapili yote. Jumatatu asubuhi akina mama walikuja, sita kwa pamoja, wakasimama mbele ya cherehani wakadai vitambaa vyao. Baba Zaina akasema bado hajashona. Wakasema wanajua. Mkubwa wao, mwanamke aliyempikia Padri, akasema: "Mutoto wangu hataingia komunyo na nguo ya mukono ile." Baba Zaina akavipanga vipande, vya kila mtoto peke yake, vimefungwa kwa uzi wa rangi yake, akawapa mmoja mmoja. Jumanne walikuja wengine. Jumatano mtu alikata mkanda wa cherehani. Na kwa kuwa hawakutaka kumpita mlangoni, hawakuingia dukani tena. Wakanunua kwenye duka la Mgiriki mmoja. Mama Zaina alileta chakula, nikamtumia salamu kwamba tumbo linaniuma.

Musyu Nisim aliniita kule nyuma siku ya Alhamisi. Juu ya meza kulikuwa na yai moja la kuchemsha, halijamenywa. Kwa Kiswahili chake cha duka akaniambia: "Weye Leo, mimi nasoma journal kila asubuhi mbele yako. Kanisa haina." Akasema tena: "Mimi najua muntu anafukuzwa namna gani. Kwanza banatoa bongo moja, uongo moja, juu yake. Kiisha majirani banaacha kumusalimia. Kule Rodi ilianza vile." Nikamwomba yeye atoke awaambie. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Muyuda atoke kusema Baarabu habakuchoma kanisa? Batasema tunagawana faida. Weye njo ulisema, weye utasema. Ukisema, yeye atabaki, bale bamama batarudia. Weye," akamenya yai kidogo, akaacha, "weye sijui kama naweza kukaa na karani ya bongo. Lakini utasema?" Nikasema ndiyo, patron. Nikamaanisha. Kutoka chumba kile mpaka mlangoni ni hatua kumi na tano, na nilimaanisha kwa kama hatua kumi.

Barazani nilimkuta Dominiko, akina mama, Chibwe na magunia yake, na watu wengine waliokuja kuona. Baba Zaina alikuwa chini, amepiga magoti juu ya sementi, mguu mgonjwa ameunyosha pembeni. Alikuwa ameishusha kamba ya vipande vya mifano. Ile Jumamosi mchana, baada ya mimi kusoma, alikata mfano mpya wa gauni la komunyo kwenye gazeti lile lile. Hakujua kusoma, lakini alizijua karatasi zake: alikumbuka picha ya bibi harusi wa afisa. Akaweka mgongo, akaweka kifua, mikono huku na huku, akaunganisha ukingo kwa ukingo mpaka ukurasa ukatokea wote sakafuni, umeshonwa kwa macho yake tu. Akainua uso akaniambia kwa upole, kama vile ni mimi niliyekuwa taabani: "Mwanangu, journal yenyewe ni hii. Baonyeshe pahali iliandikwa. Ao uniambie haina, tuikale kwa amani."

Palikuwa na tundu moja. Pale juu, kati ya mabega, shingo ya gauni ilipokatwa, kipande cha duara kilikuwa kimefagiliwa pamoja na takataka tangu Jumamosi. Musyu Nisim alikuwa amesimama mlangoni. Dominiko alisema, "Basi, soma, katibu." Neno lile, katibu, nalisikia mpaka leo. Nikainama, nikaweka kidole ndani ya tundu lile, juu ya sementi tupu, nikasema: "Ilikuwa hapa."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka hamsini, na bado natembea. Nimejaribu kumlaumu Dominiko, na wale mama, na gazeti, na vita yenyewe. Mwaka uleule, baada ya siku ile, nilianza kumchukia Baba Zaina, nisifiche. Nikimwona njiani nilivuka barabara, na moyoni nilimtukana kwa kofia yake na mguu wake, kwa sababu nilishindwa kumtazama. Ndivyo chuki yangu ilivyozaliwa: nilimkosea kwanza, nikamchukia baadaye. Wale vijana kwenye kilio nao kila mmoja alikuwa na habari aliyoisikia kwa mtu, na yule mtu kwa mtu. Hakuna hata mmoja aliyesema sijui.

Siku ile Baba Zaina aliangalia tundu lile. Akasema, "Kama iliandikwa, miye siwezi kushindana na karatasi." Akakusanya vipande, akavitunga tena kwenye kamba vyote, mkono, mgongo, kifua, akavitia kwenye mfuko pamoja na makasi. Chibwe peke yake alisema ile iko bongo, lakini Chibwe aligombana na kila mtu, nani atamsikiliza. Kisha Baba Zaina akavingirisha kitambaa akakiweka kichwani kama kata, akapinda magoti kando ya cherehani. Cherehani ya chuma mtu hawezi kujitwika peke yake. Akatazama watu waliokuwa karibu. Dominiko akawa anafuta miwani. "Leo," akasema, "unisaidie, mwanangu. Shika upande ule."

Nikashika upande ule. Tukanyanyua, nikaisukuma juu kwa mikono miwili mpaka ikakaa vizuri kichwani pake, na nikasubiri, kama inavyotakiwa, mpaka aniambie niachie. Akasema, "Acha." Nikaacha. Akasema asante, akashuka ngazi, ule mguu mzima kwanza.

Nilipogeuka Musyu Nisim alikuwa bado mlangoni. Sikujua kama atanifukuza, na nafikiri wakati ule nilitamani anifukuze. Akaivua futi shingoni mwake akanivalisha mimi. "Hii kazi uliitaka kuliko muntu yule," akasema. "Sasa fanya." Akaenda kule nyuma akafunga mlango. Akina mama walikuwa wameanza kuingia, sasa njia ilikuwa wazi, na wengine walikuwa na haraka kwa sababu ya komunyo na hawakuwa na vitambaa vya kutosha. Nikapima kitambaa cheupe mpaka jora likaisha, nikafungua lingine. Karibu ya kufunga Dominiko akapita, akaniuliza kama kesho nitasoma. Nikamwambia ndiyo, saa sita na nusu.